Mtakatifu Isidori wa Sevilla, mzee wa kukopi na kupesti



Ukiuliza kwenye kikao cha VIWAWA au TYCS nani mtakatifu wa watu wa kompyuta, utajibiwa kabla hujamaliza swali: Carlo Acutis. Sawa kabisa. Carlo alijifunza kutengeneza tovuti akiwa mdogo, akakusanya habari za miujiza ya Ekaristi akaziweka mtandaoni, na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu. Lakini kabla dunia haijamjua Carlo, watu wa intaneti walikuwa wameshajichagulia msimamizi mwingine, mzee wa kizamani kweli kweli. Askofu, mtu wa Hispania, aliyefariki mwaka 636. Hajawahi kuona hata waya wa umeme. Kanisa halijamtangaza kwa hati rasmi kuwa msimamizi wa intaneti. Ni Wakristo wenyewe waliomkimbilia, na mapokeo yakashika. Jina lake ni Isidori wa Sevilla.

Tahadhari kidogo hapa, maana huku kwetu watu wengi ni wakulima: kuna Isidori mwingine, yule Mkulima wa Madrid, anayekumbukwa tarehe 15 Mei. Huyo ni wa jembe. Wa kwetu leo ni wa tarehe 4 Aprili, na kwa kuwa tarehe hiyo mara nyingi inaangukia Kwaresima au Oktava ya Pasaka, kumbukumbu yake inapita kimya kimya.

Kwa nini nimeamua kumwandika? Kwa sababu ya maneno ninayoyasikia mtaani. Hapa Mlandege kuna vijana wanaotengeneza tovuti. Laptop ya mtumba, bando la usiku, blanketi mabegani kwa ajili ya baridi ya Iringa. Kijana kapewa kazi ya tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, au ya kwaya. Haandiki kila kitu kuanzia sifuri. Ana faili lake ambamo ameweka vipande vya kodi (si ile kodi ya TRA, jamani, ni yale maandishi ya programu). Kuna kipande cha menyu inayofunguka vizuri kwenye simu, kipande cha fomu inayokataa namba ya simu yenye tarakimu pungufu, na kipande cha kuweka picha katikati ya ukurasa, ambacho kila mtengeneza tovuti duniani amewahi kukitafuta. Anachukua, anabandika, anabadilisha rangi, anapata hela ya kula. Halafu wanatokea wajuaji wanamcheka: wewe si fundi, wewe ni wa kukopi na kupesti tu. Wengine wanaacha kabisa kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa, Isidori aliishi maisha yake yote ndani ya shutuma hiyohiyo, na mpaka leo wako wasomi wanaomwita mkopiaji.

Alizaliwa karibu mwaka 560. Ukoo wake ulitoka Cartagena, mji wa pwani, wakahamia Sevilla. Wazazi walifariki mapema, akabaki mikononi mwa kaka yake mkubwa, Leandri, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Sevilla. Familia hii ni ya ajabu: watoto wanne, watakatifu wanne. Leandri, Fulgensi ambaye naye alikuwa askofu, Florentina mtawa, na Isidori kitindamimba. Ukiwa mdogo kwenye nyumba ya namna hiyo, utatamani kupumua kidogo.

Leandri ndiye aliyemsomesha, na alikuwa mkali. Mapokeo yanasimulia kwamba Isidori alikuwa mzito darasani, masomo hayaingii, adhabu haziishi, mpaka siku moja akatoroka. Akaenda akakaa kando ya kisima. Akatazama jiwe la mdomoni pa kisima akaona lina mifereji. Akashangaa jiwe gumu namna ile limechimbwa na nini, kumbe ni kamba tu, ile kamba ya ndoo inayopita palepale kila siku kwa miaka. Akarudi shule. Mtu yeyote aliyewahi kuteka maji kwa kamba kijijini ameiona mifereji hiyo, kwa hiyo hadithi hii haihitaji maelezo kwetu.

Nyakati zake zilikuwa ngumu. Utawala wa Roma upande wa magharibi ulikuwa umeanguka karibu miaka 100 kabla hajazaliwa. Hispania ilitawaliwa na Wavisigothi, ambao wafalme wao walikuwa Waario, yaani walikataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Leandri alipambana sana na jambo hilo, na mwaka 589, kwenye Mtaguso wa Tatu wa Toledo, mfalme Reccared na wakuu wake walikiri hadharani imani katoliki. Isidori alikuwa kijana kama wa miaka 29 hivi. Leandri alipofariki karibu mwaka 600, mdogo wake alishika kiti chake, akakaa nacho zaidi ya miaka 35.

Hebu fikiria hali ya vitabu wakati ule. Hakuna uchapaji. Kitabu ni ngozi ya mnyama, na kila nakala imeandikwa kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, kwa miezi. Kitabu ambacho hakuna mtu anayekikopi kinakufa. Panya, unyevu, moto, vita, basi. Maktaba za Kirumi zilikuwa zinapotea hivyo, moja baada ya nyingine, na watu waliojua kuzisoma walikuwa wanapungua pia. Kwa hiyo kukopi wakati ule hakukuwa uvivu. Ilikuwa kazi ya kuokoa.

Isidori aliijua thamani hiyo hata kwenye mambo madogo. Alipoandika kanuni kwa ajili ya watawa, aliweka utaratibu wa vitabu: mtawa anaomba kitabu asubuhi kwa mtunzaji, anasoma, na baada ya Masifu ya Jioni anakirudisha. Kila siku. Hakuna kitabu kulala kitandani kwa mtu. Wale mnaofanya kazi kwa timu kwenye mradi mmoja wa programu mnaelewa kwa nini. Faili likibaki kwenye laptop ya mtu mmoja bila kurudishwa mahali pa wote, siku laptop ikiibiwa mmekwisha.

Kazi yake kubwa inaitwa Etymologiae. Ni vitabu 20 ndani ya kimoja. Ndani yake kuna sarufi, hesabu, muziki, nyota, tiba, sheria, vitabu vya Biblia, malaika, lugha na mataifa, mwili wa binadamu, wanyama, dunia, majengo, mawe na madini, kilimo, vita na michezo, meli, nguo. Kitabu cha 10 amekipanga kwa herufi kama kamusi, ili mtu atafute neno bila kusoma yote. Kitabu cha 20, cha mwisho kabisa, kinashughulika na chakula na zana: vyombo vya mezani, vya jikoni, taa, vitanda, mikokoteni, vifaa vya shambani. Askofu mkuu kakaa anaeleza majina ya vyungu! Mimi hicho ndicho kinachonivutia zaidi kwake. Hakuona kitu cha mikono ya watu kuwa kidogo mno kwa mtu wa Mungu kukiandika.

Karibu kila kitu humo kimetoka kwa waandishi wa kabla yake: Plinio, Agostino, Yeronimo, Cassiodorus, na wengine wengi. Isidori alichukua kipande hapa, kipande pale, akakata, akafupisha, akaweka chini ya kichwa cha habari kinachoeleweka. Ni faili la vipande, kama la yule kijana wa Mlandege, ila ni faili la elimu yote iliyokuwa imebaki.

Na aliyemsukuma kulimaliza alikuwa rafiki yake Braulio, askofu wa Zaragoza. Barua zao zimebaki, na ukizisoma utacheka. Braulio anaomba kitabu. Haletewi. Anaomba tena. Miaka inafika saba, mzee hajatuma. Braulio anakasirika kwa upole wa kiaskofu, lakini kukasirika kupo. Halafu analalamika jambo ambalo kila mtengeneza programu analijua: nakala za kitabu hicho zimeshavuja, zinazunguka mikononi mwa watu zikiwa zimekatwakatwa na kutafunwa vipande. Yaani toleo bovu limesambaa kabla ya lile zuri kutoka.

Mwishowe Isidori akatuma. Lakini afya yake ilikuwa imechoka, hakuweza kusahihisha, kwa hiyo alituma kikiwa hakijanyooshwa na kumwomba Braulio akirekebishe. Braulio ndiye aliyekigawa katika vitabu vile 20. Napenda unyenyekevu huo. Mtu aliyeheshimika kuliko maaskofu wote wa Hispania anampa mdogo wake kazi yenye makosa, anamwambia nisaidie. Ni wangapi kati yetu wanaokubali mwenzao afungue kodi yao na kuikosoa?

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwa mtengeneza tovuti ni tamu kuliko yote. Kwenye kitabu cha kwanza, baada ya kueleza nukta za kugawa sentensi, Isidori anaorodhesha alama ambazo wanazuoni walikuwa wanaweka pembeni mwa maandishi. Hazisomwi kwa sauti. Kazi yake ni kumwambia msomaji afanye nini na mstari huo.

Ya kwanza ni asterisko, ile nyota ndogo. Inawekwa mahali palipoachwa kitu, ili kilichopungua kionekane. Ya pili ni obelo, mstari mlalo kama mkuki mdogo. Inawekwa kwenye maneno yaliyorudiwa bure au yasiyo ya kweli, kana kwamba yanachomwa yaondoke. Alama hizi mbili Origene alishazitumia karne ya tatu alipolinganisha matoleo ya Agano la Kale: obelo kwa maneno yaliyozidi, asterisko kwa yaliyoongezwa kujaza pengo. Fungua leo zana yoyote ya kulinganisha matoleo mawili ya faili. Mstari uliotolewa umewekewa alama ya kutoa, ule mkuki mlalo uleule. Mstari ulioongezwa umewekewa alama ya kujumlisha. Na maelezo ya pembeni ndani ya CSS, yale ambayo kivinjari hakiyaonyeshi kwa msomaji, yanafunguliwa na kufungwa kwa mkwaju na nyota.

Halafu kuna ya tatu, inaitwa diple. Umbo lake ni hili: >. Isidori anaeleza kwamba waandishi wa Kanisa waliiweka vitabuni ili kutenga na kuonyesha maneno yaliyotoka Maandiko Matakatifu. Ukiona > pembeni, ujue mstari huu si wa mwandishi, ni wa Biblia. Sasa wewe unayeandika maelezo ya mradi wako kwa Markdown, ukitaka mstari uonekane kuwa ni nukuu ya mtu mwingine, unaanza na nini? >. Alama ileile, kazi ileile. Karne 14 zimepita.

Nikiangalia HTML ilivyojaa mabano ya namna hiyo, na wazo lenyewe la kuweka ndani ya maandishi alama zisizosomwa ila zinazoeleza maandishi, naona waliomchagua Isidori kuwa mtakatifu wa intaneti walilenga vizuri, hata kama wengi wao walikuwa wanafikiria tu kwamba aliandika kitabu kikubwa chenye kila kitu.

Lakini kukopi kuna hatari yake, na Isidori aliingia humo mwenyewe. Chukua nyuki. Kwa Kilatini nyuki ni apes, na mguu ni pes. Basi Isidori anaandika kwamba huenda nyuki waliitwa hivyo kwa kuwa wanazaliwa bila miguu, au kwa kuwa wanafungamana kwa miguu. Anaendelea kwamba nyuki hutokea kwenye mizoga ya ng'ombe. Waandishi wa kale walisema hivyo, naye akabandika. Mpelekee maneno hayo mzee yeyote wa Mufindi au Kilolo mwenye mizinga uone atakavyokutazama. Kitabu kizima kina mambo ya namna hiyo, na kwa kuwa watu walimwamini Isidori, makosa hayo yaliishi karne nyingi ndani ya vitabu vya wengine waliomkopi yeye.

Hicho ndicho kinachotokea kwa kipande cha kodi usichokielewa. Kinafanya kazi kwenye laptop yako, unakipeleka kwenye tovuti ya mteja, kumbe aliyekiandika hakuwahi kukijaribu kwenye simu ndogo, au ameacha mlango wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuingiza maandishi yake kwenye fomu na kuvuruga taarifa za watu. Fomu ile inaweza kuwa ya wanakwaya, yenye majina na namba za simu za dada zetu. Kwa hiyo kabla ya kubandika, kisome mstari kwa mstari. Usiokuelewa, ujaribu peke yake kwanza. Fungua zana za wasanidi programu kwenye kivinjari (F12 kwenye laptop nyingi) uone kinachotokea. Na juu ya kipande andika ulikitoa wapi na ni cha nani. Isidori mara nyingi hakutaja alikotoa, na wasomi wametumia maisha yao kufuatilia kila kipande kilitoka kwa nani.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao sitaki kuuruka, maana tukiwapaka watakatifu sukari hatuwasaidii. Mfalme Sisebut, aliyetawala kuanzia 612, alikuwa rafiki wa elimu. Isidori alimwandikia kitabu juu ya mambo ya asili, kama kupatwa kwa jua na mwezi. Mfalme huyohuyo aliwalazimisha Wayahudi wabatizwe. Isidori alimkosoa kwa maandishi kwamba alikuwa na bidii isiyo na busara. Mwaka 633 aliongoza Mtaguso wa Nne wa Toledo, ambao ulikataza kumlazimisha mtu kuamini. Hapo tunafurahi. Lakini mtaguso huohuo uliwabana Wayahudi kwa amri nyingine kali, na waliokwisha kubatizwa kwa nguvu hawakuruhusiwa kurudi walikotoka. Aliona sehemu ya kweli, sehemu nyingine hakuiona.

Mtaguso ule uliagiza pia kwamba vijana wanaoandaliwa kwa utumishi wa Kanisa waishi pamoja na wafundishwe chini ya mzee aliyejaribiwa, na kwamba padre hapaswi kukaa bila kuyajua Maandiko na sheria za Kanisa. Yule mtoto aliyetoroka shule ndiye aliyepigania shule.

Kifo chake tumesimuliwa na Redemptus, mmoja wa makleri wake. Isidori alipojua siku zake zimekaribia, alizidisha sadaka, maskini wakawa wanaingia na kutoka nyumbani kwake kutwa nzima. Kisha akaomba apelekwe kanisani kwa Mtakatifu Vinsenti. Maaskofu wawili wakaja. Mmoja akamvika gunia, mwingine akammwagia majivu. Mbele ya watu wote, mzee aliyeandika majina ya vitu vyote duniani akaungama kwamba yeye ni mdhambi, akaomba msamaha kwa kila aliyemkosea, akapokea Mwili na Damu ya Bwana. Akawasamehe wote waliokuwa na deni kwake, na fedha iliyobaki akaagiza wapewe maskini. Siku chache baadaye, tarehe 4 Aprili 636, akafariki.

Kile kitabu kisichokamilika kikaendelea kutembea. Katika miaka mingi iliyofuata kilikopiwa Ulaya nzima, na nakala za mkono karibu 1,000 zipo mpaka leo. Kilipochapwa kwa mara ya kwanza, huko Augsburg mwaka 1472, kilikuwa na ramani ndogo ya dunia, duara lenye herufi T ndani, ambayo ni ya kwanza kabisa kuchapwa Ulaya. Mwaka 1722 Papa Inosenti XIII alimtangaza Isidori Mwalimu wa Kanisa. Mifupa yake haiko Sevilla tena. Ilihamishwa mwaka 1063 kwenda León, kaskazini mwa Hispania, na iko kwenye basilika yenye jina lake.

Vijana wa RUCU mnaosoma kompyuta, na nyie mnaojisomea wenyewe usiku hapa Mlandege, tarehe 4 Aprili mkiweza nendeni Misa ya asubuhi. Mkiwa na mradi mgumu, mtajieni kabisa jina la mradi.

Mtakatifu Isidori wa Sevilla, utuombee.